Maji ya Ng'ombe wa Arap Koech

Akinyi alinipigia simu Jumatano asubuhi, na kabla sijamaliza kusema haloo alikuwa anapiga kelele. "Chebet, umesikia? Wametengeneza tanki ya ubatizo ndani ya kanisa yetu! Ndani kabisa! Iko na tailisi ya buluu na mfereji ya maji moto. Maji moto, Chebet!" Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Akaniambia kwamba mchungaji mpya, kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa siku zile, anataka sisi tuliobaki wa darasa la zamani tukae mbele Jumapili tanki hilo likifunguliwa, na mmoja wetu aeleze vijana jinsi tulivyobatizwa. "Nimewaambia utaongea wewe," akasema. "Mimi nikianza hiyo hadithi nitacheka tu." Nikakubali papo hapo, maana nikipewa nafasi ya kuongea huwa siulizi mara mbili. Nilipokata simu ndipo nilipoanza kuipanga kichwani. Hadithi ile ina mahali pa kuchekesha, na watu wengi huku Sosiot wanapajua. Ina pia mahali nilipodanganya, na hapo kwa miaka yote hii nimekuwa nikipita haraka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo huku nikichuna majani chai kwa Kogo. Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, na wa kwangu alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Darasa la ubatizo lilifanyika jikoni mwake. Hospitalini walikuwa wamemwambia moyo wake umechoka, asipande mlima wa kanisa, kwa hiyo Mchungaji wetu wa siku zile akasema basi darasa litashuka kwake. Kila Alhamisi ya pili alikuja na pikipiki kutoka Kedowa, akavua makoti mawili, akainama kwenye mlango mfupi, na miwani yake ikafunikwa na mvuke. Jikoni mle mlikuwa na benchi moja, magunia ya mahindi ya kukalia, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vikining'inia ukutani, na sufuria kubwa ya chai ambayo haikuwahi kuondoka motoni. Tulikuwa kumi na mmoja. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha huku tukisomeshwa, na hadi leo nikisikia neno ubatizo pua yangu hunusa moshi na maziwa kabla ya kitu kingine chochote. Nilipenda Alhamisi zile kuliko sikukuu. Nilikuwa nimetoka shule ambako kuuliza swali kulikuwa utundu, na hapa nikakuta mtu mzima anayefurahi ukimwuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa Kogo. Mchungaji hakujua Kikipsigis, Kogo hakutaka kuharibu neno la Mungu kwa Kiswahili chake cha sokoni, na mimi nikakaa katikati kama daraja. Mchungaji alitueleza kwamba Yohana hakuanza kutoka hewani. Kabla yake Wayahudi walikuwa na desturi ndefu ya kujitawadha kwa maji: walioga kabla ya kuingia hekaluni, walioga baada ya kugusa maiti. Yohana alilichukua jambo hilo ambalo watu walikuwa wanalijua nyumbani kwao, akaliweka mtoni, akawaambia kwamba safari hii uchafu si wa mikono. Kogo aliniuliza, nami nikamuuliza Mchungaji: "Anauliza, huo mto wa Yordani unakwenda kuishia wapi?" Mchungaji akasema unaishia katika Bahari ya Chumvi. Nilipotafsiri, Kogo alipiga goti lake kwa furaha. "Chumvi!" akasema. "Basi chini ya Yohana kulikuwa na watu na ng'ombe wao wakienda kulamba chumvi. Muulize, hao hawakulalamika?" Darasa zima likaangua kicheko, na Mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, akaandika kitu katika daftari lake.

Hakuna kilichopita hivi hivi mbele ya Kogo. Tulipofundishwa kwamba kuingia majini ni kuzikwa na Kristo na kutoka ni kufufuka naye, aliendelea kumenya kiazi chake. Wiki mbili baadaye Mchungaji alipendekeza kwa upole kwamba, kwa sababu ya ule moyo, yeye amwagiwe maji kichwani pale pale nyumbani kwa bakuli. Kogo akaniambia nimwambie hivi: "Umesema ni kuzikwa. Umeona wapi mtu akizikwa kwa konzi moja ya udongo?" Habari ya bakuli ikaishia hapo. Akinyi naye alikuwa na kesi yake. Baba yake alitoka kando ya ziwa, alifanya kazi kiwandani, na kanisa lao lilikuwa limembatiza Akinyi akiwa mtoto mchanga kwa matone matatu kwenye paji la uso. "Baba anauliza, ile ya kwanza iliharibika?" akasema. Mchungaji akamjibu kwamba Wakristo wamebishana juu ya hilo miaka mingi, na kwamba wale wanaobatiza watoto wanasema neema ya Mungu haingoji mtu ajue kusoma, na wale wa upande wetu wanasema mtu mwenyewe lazima aseme ndiyo. "Wewe unataka kusema ndiyo?" "Ninataka," Akinyi akasema, "maana ile siku ingine nilikuwa nimelala."

Kulikuwa pia na habari ya majina. Kila mmoja alitakiwa achague jina la ubatizo, na wengi wetu tulifikiri ubatizo wenyewe ndio huo, kupewa jina la Kizungu. Kogo alimweleza Mchungaji kwamba sisi pia tuna yetu: mtoto akizaliwa, akina mama huketi naye na kutaja majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya jina linapotajwa, basi amekubali, na hapo hupigwa vigelegele na vicheko nyumba nzima. Nilitafsiri kwa hofu kidogo nikidhani Mchungaji ataita hayo ushenzi. Aliuliza tu kama kuna mtoto aliyewahi kukataa kupiga chafya. "Wanawekewa ugoro puani," Kogo akasema, na Mchungaji kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Kwa jina lake Kogo alichagua Rebeka. Nilikuwa nimemsomea kisa cha yule msichana aliyewatekea maji ngamia wa mgeni mpaka wakatosheka, akaniambia huyo ni mtu wa mifugo, wataelewana.

Mwezi wa nane nikiwa nyuma ya jikoni nakusanya kuni, nilimsikia Mchungaji akimwambia mzee wa kanisa upande wa pili wa ukuta: "Huyu mama hatafika mwakani. Ni Desemba hii, au tutamzika hivyo hivyo." Ubatizo ulikuwa mara moja kwa mwaka. Niliziacha kuni pale chini. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kuhesabu siku. Niliamka nikiangalia kama Kogo anapumua, nikamnyang'anya kikapu cha majani akitaka kuchuna, nikamwuliza maswali ya darasa tukipika, tukila, tukikamua. Alinichoka. "Wewe mtoto utanibatiza kwa mate yako," akaniambia.

Sasa lazima nimtaje Arap Koech. Alikuwa jirani yetu wa chini, mzee wa maneno machache aliyependa ng'ombe zake sita kuliko watu, na yeye na Kogo hawakuwa wamesalimiana tangu nikiwa mdogo. Sababu ilikuwa chai. Watu walipoanza kupanda chai kwa pupa, Kogo alipanda hadi mwisho wa shamba lake, akaifunika njia ya zamani ambayo ng'ombe za Arap Koech zilipitia kwenda barabarani na malishoni. Kuanzia hapo zilizunguka kilima kizima. Hakuna aliyezungumzia jambo hilo jikoni. Mimi mwenyewe nilichuna vichaka vile kila wiki bila kufikiri vimesimama juu ya njia ya mtu.

Mwaka ule mvua ilikata mapema, na Desemba kijito kilichokuwa kati yetu na Arap Koech kilifika kwenye vifundo vya miguu tu. Jumamosi tukakusanyika vijana kukifunga. Mahali nilichagua mimi, nikijigamba, pale kwenye kona yenye kingo ndefu, juu kidogo ya shamba la Arap Koech. Tulijaza magunia udongo, tukapanga mawe, tukaziba kwa migomba na zile nailoni tunazojifunga kiunoni tukichuna chai iliyolowa. Tuliimba, tulirushiana matope, Akinyi alianguka mara mbili. Hakuna tone lililopita. Mchungaji, aliyekuwa amefika kulala, akaja kutazama, akaangalia kijito upande wa chini kilivyobaki mawe matupu. "Chebet," akasema, "nenda kwa yule mzee wa chini. Mwambie tumefunga maji hadi kesho saa saba. Achote yale yaliyobaki kwenye madimbwi kabla hayajakauka, anyweshe mapema. Mwombe msamaha kwa niaba ya kanisa."

Nilienda. Nilifika mpaka kwenye ua wake wa miiba. Nikamsikia akimfokea ng'ombe kwa sauti ile yake, nikasimama. Niliogopa, hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Kanzu yangu nyeupe ilikuwa inapigwa pasi kwa jirani, na nilitaka kwenda kuiona. Basi nikakaa chini ya ua muda wa kutosha mtu kwenda na kurudi, nikarudi mbio nikihema. "Nimemwambia," nikasema. "Amesema hakuna shida." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshika kasi, nikaongeza: "Ametuma salamu. Amesema Mungu awabariki." Arap Koech hakuwahi kumtakia mtu baraka hadharani maisha yake yote. Kogo, aliyekuwa ameketi mlangoni, alinitazama kidogo, halafu akaendelea kuchagua maharagwe.

Jumapili! Sijawahi kuona asubuhi nyeupe vile. Kanisa lote lilishuka bondeni kwa nyimbo, ngoma mbele, sisi kumi na mmoja katikati kwa kanzu zetu, chai pande zote mbili iking'aa kwa umande. Bwawa lilikuwa limejaa hadi kifuani. Nilikuwa wa tatu. Maji yalikuwa baridi kiasi kwamba nilisahau jina langu. Mchungaji akaniuliza, "Umetubu dhambi zako?" nikajibu, "Nimetubu," kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akanizamisha, na nilipotoka watu walikuwa wanaimba na jua lilikuwa limenipiga usoni, nikalia kwa furaha. Ilikuwa furaha ya kweli. Ule uongo ulikuwa mle ndani pamoja nayo, na sikuusikia hata kidogo. Nikasimama ukingoni nikitetemeka, tayari kutafsiri, kwa maana Kogo alikuwa amewekwa wa mwisho ili jua limpashie maji.

Aliingia mpaka magotini, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshikwa na mzee wa kanisa. Ndipo tukasikia ng'ombe wakilia kutoka chini. Hawakuwa wanalia kwa kawaida. Ni mlio ule mkavu ambao kila mtu aliyelelewa na ng'ombe anaujua. Nyimbo zikakatika zenyewe. Arap Koech akatokea kwenye majani akiwa na gambuti miguuni na kofia yake, ng'ombe sita nyuma yake. Alisema kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni. "Pasta, mimi sina shida na mambo ya Mungu. Lakini ng'ombe yangu haijakunywa maji tangu jana mchana. Mto imekauka mara moja. Nimekuja kuuliza, ni nini nilikosea nyinyi?"

"Lakini mzee," Mchungaji akasema, "si ulikubali? Hata ulituma salamu."

"Salamu gani? Nani alikuja kwangu?"

Kogo hakumtazama Arap Koech. Alinigeukia mimi. "Chebet, ulifika kwake?"

"Nilifika kwenye ua."

"Ulimwona?"

Watu wote walikuwa wananitazama, na kanzu yangu ilikuwa bado inachuruzika maji ya ubatizo. "Sikumwona, Kogo," nikasema. "Nilidanganya."

Mchungaji alikuwa mtu wa busara, na alichosema kilikuwa cha busara. Mama yuko majini tayari, ni dakika moja tu, amzamishe, halafu wafungue. Nikatafsiri huku nikilia. Kogo akatikisa kichwa. "Mwambie afungue kwanza." Mchungaji akaeleza kwamba maji yakienda yamekwenda, yamechukua usiku kucha kujaa, na yeye anangojwa Kedowa mchana huu, na ubatizo mwingine ni mwaka ujao. Nilijua mwaka ujao maana yake nini. Nilimshika Kogo mkono nikamsihi kwa maneno yangu mwenyewe, si ya Mchungaji. Kogo akasema, taratibu, kwa sauti ambayo hata Arap Koech aliisikia: "Mwambie Mchungaji, huyu jirani nilimfungia njia. Leo nimemfungia na maji. Sasa nitubu nini, wakati ng'ombe zake zimesimama pale zinanitazama?" Kisha akanielekezea fimbo. "Wewe ndiye uliyefunga. Fungua."

Niliruka nikaanza kung'oa magunia kwa mikono. La kwanza lilikataa. La pili likatoka, na kabla sijafikiri ukuta mzima ukaondoka na mimi nikaondoka nao. Maji yalinibeba na kanzu yangu na migomba na nailoni, yakanigeuza, yakaninywesha tope, yakanitupa chini kule ambako ng'ombe za Arap Koech huwa zinanyweshwa, katikati ya miguu yao. Nilipoinua kichwa ng'ombe mwekundu alikuwa anakunywa karibu na sikio langu bila kujali. Halafu Akinyi kule juu akapiga ukelele: "Chebet amebatizwa mara ya pili!" Watu wakacheka, wakacheka mpaka wakashikana, na Mchungaji alikuwa ameketi kwenye jiwe akifuta miwani na mabega yake yakitikisika. Mimi pia nilicheka, nikiwa na tope mdomoni, na kitu fulani kifuani kikafunguka. Nikimwambia mtu ni lini hasa nilibatizwa, sina hakika nitaje ipi.

Arap Koech hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ombe zake zikinywa. Kwato za miaka mingi zilikuwa zimechimba shimo pale, na maji yote ya bwawa letu yalikuwa yameshuka yakatulia humo, yakafika kiunoni. Zilipotosheka, moja moja zikapanda ukingoni. Akavua kofia. "Kobot Kiprono," akamwita Kogo, yaani mama Kiprono, jina ambalo nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja, "hapa kwangu maji imejaa. Kama huogopi matope."

Kogo alishuka akishikilia mkono wa Arap Koech. Mimi nilikuwa bado majini, kwa hiyo nilimpokea mimi. Mchungaji akaingia na viatu. "Rebeka," akasema, "ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," akamlaza chini hadi maji yakamfunika uso wote. Alipoinuka, tope likimtiririka shavuni, akafungua mdomo, akavuta pumzi, akapiga chafya kubwa.

Oyee! Wanawake wa Kikipsigis hawakungoja kuambiwa. Vigelegele vilipasua bonde, wakacheka na kupiga makofi kama mbele ya mtoto mchanga, na Akinyi akanishika akiniuliza, "Nini? Nini? Kwani amefanya nini?" Mchungaji alikuwa anakumbuka. "Amekubali," akamwambia.

Baadaye katika maisha nilisoma kwamba Wakristo wa mwanzo walipendelea maji yanayotembea, na wasipoyapata walitumia maji yoyote, na yakikosekana kabisa walimwagia mtu kichwani mara tatu. Yohana naye, watu walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia habari za maji. Alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Nadhani Kogo alikuwa amelisikia hilo vizuri kuliko sisi tuliolijibu kwenye mtihani. Wiki ile ile aliniita na jembe, akanionyesha mahali pa kuanzia. Nilichimba siku nne. Majirani walisimama barabarani wakidhani Kogo ameugua kichwa, maana nani anang'oa chai iliyokomaa, inayochunwa? Arap Koech alikuja siku ya pili na jembe lake, akaanzia upande wa chini, akafanya kazi hadi tukakutana katikati. Kogo alifariki mwezi wa nne, mvua ndefu zikianza. Arap Koech ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza, na Kogo tulimpitisha kwenye njia ile.

Jumapili iliyopita nilisimama karibu na tanki la tailisi ya buluu nikawaeleza vijana yote, hata ua wa miiba, hata salamu za uongo. Walicheka nilipotarajia, wakanyamaza nilipotarajia. Mfereji wa maji moto ulifanya kazi vizuri na nikafurahi kwa ajili yao. Tulipotoka, mimi na Akinyi, sasa wote wawili tukitembea kwa fimbo, tuliteremka hadi lililokuwa shamba la Kogo, na msichana mmoja aliyebatizwa asubuhi ile akatufuata, nywele zake bado mbichi, akitaka kuona. Hakuna cha kuona sana. Chai imejaa kijani pande zote, imekatwa sawasawa kama meza, na katikati kuna pengo lenye upana wa ng'ombe wawili, udongo mwekundu uliokanyagwa. Msichana akauliza kama hiyo ndiyo njia yenyewe, na nilipokuwa nafungua mdomo kumjibu tukasikia kengele. Ng'ombe wa mjukuu wa Arap Koech walikuwa wanapanda kutoka mtoni, midomo ikidondosha maji. Tukasogea kwenye chai, sote watatu, tukawapisha.